Shauri Huanzia Mgombani

Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kinasema mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili. Nimekisoma kifungu hicho kwa sauti katika vikao vya ukoo Nyaishozi, Kituntu, Nkwenda na Kaisho. Hakuna aliyewahi kunibishia. Wazee husikiliza kwa adabu, mwenyekiti hunishukuru: "Asante Mwalimu, sheria tumeisikia." Kisha kikao huendelea pale kilipoishia. Kibanja, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa, ni cha wanaume, binti atapewa migomba ya kula akirudi nyumbani, mjane akae kwa mwanawe wa kiume, na asiye na mtoto wa kiume atajua pa kwenda.

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Sikusoma chuo kikuu, wala si wakili. Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi kabla ya kupata mafunzo ya kazi hii, ndiyo maana hadi leo watu wananiita Mwalimu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatutambua na inatuwekea mipaka. Tunaruhusiwa kuelimisha, kushauri, kusaidia kuandika nyaraka, kumwelekeza mtu chombo kinachomhusu na kupatanisha. Haturuhusiwi kumsimamia mtu mahakamani wala kumtoza hata shilingi. Eneo langu ni Karagwe na Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012 na inayopakana na Uganda na Rwanda kwenye Mto Kagera.

Nashuhudia jambo moja. Haki ya watu wetu hupotea mbali sana na meza ya hakimu, tena kwa mambo ambayo vitabu vya sheria havina safu ya kuyaandika: nani aliitisha kikao, nani ana nauli, kahawa imefikia wapi mtini. Anayetaka kurekebisha sheria bila kuyajua hayo atarekebisha maandishi, na maandishi mazuri tayari tunayo.

Karatasi isiyo na sheria

Chukua mirathi. Mume akifariki, mjane anakwenda Mahakama ya Mwanzo kuomba usimamizi. Anajaza Fomu Na. 1, tangazo linabandikwa, na asipotokea wa kupinga, msimamizi anateuliwa. Msimamizi ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali kwenye Fomu Na. 5, kisha hesabu kwenye Fomu Na. 6 kwa vipindi vitakavyopangwa na mahakama. Ndivyo kanuni zinavyosema.

Lakini akifika masjala, mara nyingi kitu cha kwanza anachoulizwa hakimo katika kanuni hizo: muhtasari wa kikao cha ukoo. Hakuna sheria inayomlazimisha mwombaji kuwa nao, na Mahakama Kuu imelisema hilo katika hukumu zake. Hata hivyo mazoea yamekuwa na nguvu kuliko kanuni, naye karani anaona anafanya jambo la busara: akipata saini za ukoo, hapatakuwa na ugomvi baadaye. Kwa hiyo mjane anarudishwa kwa shemeji yake, yule yule anayekitaka kibanja, akamwombe aitishe kikao na kusaini karatasi itakayompa mjane uwezo wa kumzuia yeye.

Shemeji hakatai. Anasema tusubiri matanga yaishe. Matanga yakiisha, kaka mkubwa yuko Mwanza na hatuwezi kuketi bila yeye. Kaka akija, mjane hajaitwa. Katikati ya hapo kahawa inaiva, na anayeichuma na kuipeleka chama cha msingi cha ushirika ni shemeji. Msimu wa pili ukipita ana hoja mpya kabisa: yeye ndiye aliyekitunza kibanja, majirani wote ni mashahidi.

Mwanafunzi wa sheria akija kuchunguza mashauri ya mirathi kwa kupekua majalada, shauri hili halimo. Halikufunguliwa. Hakuna hukumu mbaya ya kukosoa wala hakimu wa kulaumu. Mjane ameshindwa bila kushtaki wala kushtakiwa. Wengi wa watu ninaowahudumia wameshindwa kwa namna hiyo.

Shauri lililoanzia Kashasha

Sisi wa Mkoa wa Kagera tuna shauri letu ambalo limesomwa duniani. Mwanamke aitwaye Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake huko Muleba, na mwaka 1988 akaiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo Kashasha akidai mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana naye, Mahakama ya Wilaya ikatengua, rufaa ikafika Mahakama Kuu Mwanza. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba kanuni iliyomruhusu mwanamke kuitumia tu ardhi ya ukoo bila kuiuza ilikuwa ya kibaguzi na ilipingana na Katiba.

Katika mafunzo tulifundishwa sehemu hiyo ya hukumu, na tukaipigia makofi. Sehemu nyingine nilikuja kuielewa nilipoanza kukaa kwenye vikao vya wazee. Jaji hakufuta ardhi ya ukoo. Alisema mwanamke na mwanamume wawe sawa: yeyote kati yao akiuza kwa mgeni bila ridhaa ya ukoo, mwanaukoo anaweza kuikomboa ardhi hiyo kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake. Alijua kwamba hofu ya wazee ya kumwona mgeni akilima juu ya makaburi yao si uongo wala si chuki dhidi ya wanawake peke yake. Akaipa hofu hiyo dawa isiyombagua mtu.

Nikisoma hukumu hiyo kwa namna hiyo, kikao hubadilika. Nikisema "mwanamke ana haki ya kuuza", mlango unafungwa. Nikisema "ukoo una haki ya kukomboa, mradi mlipe, na sharti hilo liwahusu na wana wenu wa kiume", wazee huanza kuulizana. Maana wote wanajua ni nani hasa anayeuza vibanja huku kwetu. Ni vijana wa kiume wenye madeni.

Liko jambo jingine katika shauri hilo ambalo halitajwi sana. Holaria alikuwa na wosia. Baba yake alikuwa ameshaamua kabla ya kikao chochote. Kanuni za kimila hizo hizo tunazozilaumu zinautambua wosia, na zinaeleza mashahidi wanaotakiwa. Kwa wosia wa mdomo ni wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Kwa wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma ni wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, na kama hajui kusoma ni wanne. Mke aliyepo nyumbani naye ashuhudie. Wosia mwingi ninaouona ukianguka hauanguki kwa sababu ya ubaguzi wa sheria. Unaanguka kwa sababu mzee aliita mashahidi wote kutoka upande mmoja, au aliandika peke yake akaficha chini ya godoro asije akaonekana anajitabiria kifo. Somo la mashahidi lina faida kubwa kwa binti wa Kihanga kuliko hotuba yangu yote juu ya Katiba.

Mila yenye namba ya Gazeti la Serikali

Hoja ninayokutana nayo kila mahali ni kwamba mila ni ya mababu na serikali haiwezi kuigusa. Hata mahakama imewahi kukaribia kusema hivyo. Mwaka 2006 wajane wawili waliopinga kanuni za urithi waliambiwa na Mahakama Kuu kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi kweli, lakini mila haibadilishwi kwa tamko la mahakama. Rufaa yao ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya nyaraka. Walifika hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 iliona Tanzania imekiuka haki zao.

Nusu ya maneno ya mahakama ile nayakubali, kwa kuwa nimeona hukumu zisizobadilisha kitu. Nusu nyingine inapotosha. Kanuni hizo ni Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963. Zilikusanywa na kuandikwa katika mradi wa serikali wa kuziunganisha mila za makabila mbalimbali, kazi ambayo mtaalamu wa serikali ya kikoloni, Hans Cory, alikuwa ameianza miaka mingi kabla, na ambaye Wahaya wanamkumbuka kwa kitabu chake juu ya sheria zao. Kilichokuwa kinajadiliwa mgombani, kikipinda kufuatana na mtu na familia, kikapigwa chapa na kupewa vifungu. Kilichoandikwa na kalamu ya serikali kinaweza kufutwa na kalamu ya serikali.

Na wazee wetu wanalijua hilo kuliko wanavyokiri. Ninapokuwa na watu wa umri mkubwa huwauliza habari za nyarubanja, ule umiliki ambao mkulima alilima ardhi ya bwana na kumlipa miaka nenda miaka rudi. Nao ulikuwa mila. Uliungwa mkono na watawala wa jadi na ukaonekana wa milele, mpaka serikali ilipoufuta kwa sheria mwaka 1965. Sijasikia mzee hata mmoja aliyetoka familia ya walipaji akisema sheria ile iliingilia mila. Huwa wanacheka, kisha mmoja wao husema, "Hilo lilikuwa tofauti." Hapo ndipo mazungumzo ya kweli huanza.

Januari na kahawa

Anayesoma sheria ya mikataba mjini hujifunza kwamba mkataba ni makubaliano ya hiari kati ya watu wenye akili timamu. Huku kwetu mkataba una mwezi wake. Shule hufunguliwa Januari. Kahawa huanza kuvunwa katikati ya mwaka. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa mwaka 2016, lakini sare, madaftari na michango ya chakula havikufutwa, na mtoto haendi shule pekupeku. Katika pengo hilo la miezi ndipo butura inapoishi: mkulima anauza kahawa ikiwa bado ua au punje changa mtini, kwa bei anayotaka mnunuzi.

Viongozi wamepiga marufuku butura mara nyingi, na kahawa inatakiwa ipite kwenye vyama vya msingi vilivyo chini ya KDCU, chama kikuu cha ushirika cha Karagwe. Marufuku ina sababu nzuri. Ila matokeo ninayoyaona mezani kwangu ni kwamba makubaliano yamehamia gizani. Kwa kuwa butura haikubaliki, haiandikwi butura. Huandikwa mkopo, na mkopo ukishindikana, karatasi ya pili huandikwa kuwa mauziano ya kibanja: ukurasa wa daftari la shule, saini ya kiongozi wa kitongoji, mashahidi wawili walionunuliwa soda. Aliyepalilia kahawa hiyo na kuichuma ni mke, naye jina lake halimo popote.

Hapo kuna sheria nyingi za kumtetea. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, haimruhusu mume kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke. Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed, mwaka 1983, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya familia. Lakini mke huja kwangu Agosti akiwa na karatasi ya Februari, wakati mnunuzi ameshaweka vibarua. Tangu nilipoelewa kalenda hii nimehamisha kazi yangu. Elimu ya mikataba naitoa Novemba na Desemba, kwenye mikutano ya vyama vya msingi na redioni, kabla mtu hajashika kalamu. Kuanzia Juni ni kuzima moto tu.

Anayesema "huyu si raia"

Kyerwa ina shida yake. Kwenye kata za mpakani, Murongo na jirani zake, watu wameoana kuvuka mto tangu kabla mto haujawa mpaka. Kuna bibi aliyezaliwa ng'ambo, akaolewa huku akiwa msichana, akazaa, akazika mume huku. Uraia wake haukuwahi kuulizwa na mtu yeyote. Siku ya kugawa mirathi, mtoto wa mke mwingine anasimama: "Huyu si raia, na asiye raia hamiliki ardhi." Sheria aliyoitaja ipo kweli. Ila hakuitaja kwa uzalendo.

Baada ya Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, iliyoondoa wahamiaji wasio na vibali katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, neno hilo lilipata makali. Mtu anaweza kumtishia ndugu yake kwa kutaja Uhamiaji tu, na mtishiwa akaacha madai yake bila shauri lolote. Sheria ya uraia na sheria ya ardhi husomwa kama masomo mawili yenye walimu wawili. Huku zinakutana kwenye boma moja, siku moja, dhidi ya mwanamke mmoja. Jibu langu ni kumshauri aliyeolewa kutoka ng'ambo ashughulikie karatasi zake wakati mume yuko hai na familia inapatana, kwa kuwa ushahidi wa ndoa hutolewa kwa furaha wakati huo, na kwa bei baadaye.

Mageuzi yaliyofika, na yalivyofika

Sitaki kusema hakuna kilichobadilika. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama, na leo mteja wangu anaweza kujisomea baadhi ya maamuzi ya ngazi ya juu bila kulipa mtu wa kumtafsiria. Bibi anayejua tu Kinyambo, lugha ya huku kwetu, bado anahitaji mtu kando yake, lakini mjukuu wake anatosha.

Mwaka huo huo mabaraza ya kata yaliondolewa uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi, yakabaki na kupatanisha ndani ya siku 30, na yakishindwa shauri liende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Malalamiko dhidi ya mabaraza yale yalikuwa ya haki: upendeleo, ujuzi mdogo, kumbukumbu mbovu. Walioandika mabadiliko waliangalia ubora wa uamuzi. Sisi tunaona umbali. Mtu wa Murongo akitakiwa Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe, anasafiri kilomita 100 na zaidi, na hasafiri peke yake, kwa sababu shahidi wake naye anakula na kulala. Shauri likiahirishwa mara kadhaa, tajiri ameshashinda. Kwa hiyo zile siku 30 za kata zimekuwa muhimu kuliko ilivyokusudiwa. Mgogoro ukiisha hapo umeisha, usipoisha wengi hawaendelei. Baraza lenye wapatanishi waliofunzwa lingeokoa watu wengi, na si ghali.

Namna ya kuisoma sheria

Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam, kilichoanza 1961, kilijulikana mapema kwa kuifundisha sheria pamoja na historia na uchumi wa nchi. Kutoka mila hiyo ya usomi alitoka Issa Shivji, ambaye mwaka 1991 na 1992 aliongoza Tume ya Rais ya Kuchunguza Masuala ya Ardhi, iliyozunguka nchi ikiwasikiliza wananchi kwenye mikutano ya hadhara. Serikali haikuyachukua mapendekezo yake makuu, hasa la kumwondoa Rais kwenye mamlaka ya mwisho ya ardhi. Lakini njia yake ya kujifunza nimeiazima.

Daftari langu la mashauri lina safu zinazotakiwa na taarifa rasmi: jina, jinsi, aina ya tatizo, hatua iliyochukuliwa. Nimeongeza nyingine. Shauri lilikwama wapi? Kwa karatasi gani? Nani aliiandika, nani alishuhudia? Mwezi gani? Nani alilipa nauli? Safu hizo hazimo kwenye fomu tunazopeleka juu. Zinazopanda ni idadi: wateja wangapi, wanawake wangapi, mashauri mangapi yamekwisha. Sababu zinabaki Karagwe.

Kwa hiyo nina mambo ya kuomba. Msajili wa watoa msaada wa kisheria aongeze kwenye fomu zetu swali la mahali shauri lilipokwama, kisha Tume ya Kurekebisha Sheria isome majibu. Mahakama itoe maelekezo ya wazi, yabandikwe kwenye mbao za matangazo za Mahakama za Mwanzo, kwamba mirathi inafunguliwa bila muhtasari wa ukoo. Ukoo uitwe kama shahidi, usiwe mlinzi wa mlango. Tangazo la 1963 lifutwe na mahali pake iwekwe sheria moja ya mirathi, itakayobakiza haki ya ukoo kukomboa ardhi kwa kulipa, kwa mwanamume na mwanamke sawasawa. Na vyuo vya sheria vituletee wanafunzi, si kwa semina ya siku moja hotelini, bali wakae msimu mzima, kuanzia Januari butura inapoandikwa hadi kahawa inapoanikwa. Wakirudi chuoni wataijua sheria ya mikataba kuliko niijuavyo mimi.

Ukoo nao sitaki uondolewe. Nimeona mjane akishinda baraza la wilaya, akarudi na hukumu yenye mhuri, akakuta majirani hawamsalimii na njia ya kwenda kisimani imezibwa. Aliyeifungua njia hiyo ni mzee wa ukoo, baada ya mazungumzo marefu, na hukumu ilikuwa mezani wakati wote tukiongea. Bila hukumu ile mzee asingetusikiliza. Bila mzee, hukumu isingemletea maji. Marekebisho ya sheria yanayofaa huku kwetu yatahitaji wote wawili, na yatatakiwa yaandikwe na mtu aliyewaona wote wawili wakikaa meza moja.